Kidato cha Kwanza

Miaka thelathini na mmoja niliwapandisha watu wa Valparaíso kilimani
nikiwa nimekaa.
Kwenye kibanda cha juu, mkono wa kushoto juu ya breki,
wa kulia umeshika mkate wenye siagi,
na kibehewa cha mbao kikinijia kikinguruma
na akina mama na vikapu vyao, walevi, watoto wa shule,
na jeneza moja, mara moja tu, lililolipiwa nauli ya mtu mzima.
Ngazi ya mawe ilikuwa pale pale ubavuni, vidato mia na sitini na kimoja.
Sikuwahi kuipanda. Niipandie nini? Nilikuwa na kebo.

Jumanne moja ya Julai, baridi imekaza,
kebo ya ndani ikakwama.
Sikuanguka kama wanavyoanguka kwenye sinema.
Lilianza taya. Nikalaumu jino.
Kikafuata kiwiko. Nikalaumu breki.
Jasho lilipokuja, baridi kama maji ya samaki,
nilikuwa nimeishiwa wa kumlaumu.

Wameniwekea wavu wa chuma ndani ya mshipa,
mdogo kuliko springi ya kalamu.
Haushiki kutu, wamesema. Haulizi kengele uwanja wa ndege.
Sikuuliza kama unajua ni wa nani.

Sasa nina kijisanduku chenye vyumba saba,
kila siku na chumba chake, kama gesti ya bei nafuu.
Hortensia huwapangia wageni Jumapili usiku.
Aspirini, mdogo, mchungu, hakosi.
Ile ya pinki hupunguza mbio za moyo na kuniletea ndoto:
juzi nilimpandisha marehemu baba, akakataa kushuka.
Ya kolesteroli inaniuma mapajani.
Ya presha ilinikohoza mpaka daktari akaibadilisha.
Na kichupa cha tembe za chini ya ulimi, hicho nalala nacho,
nakipapasa gizani
kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Wiki ya tatu niliziacha zote. Nilijisikia mzima.
Siku nne nilizizika kwenye chungu cha ua la Hortensia.
Alizikuta akimwagilia.
Hakupaza sauti. Aliziokota moja moja, akazifuta udongo,
akazipanga mezani mbele ya picha ya kaka yake Nibaldo,
ambaye naye alijisikia mzima.

Jumatatu na Alhamisi, hospitalini, tunaendesha baiskeli zisizofika popote:
mimi, Anselmo mwoka mikate, Bi Iturra mwalimu wa jiografia,
nyaya zimetubandika vifuani,
na muuguzi Yasna akisoma milima yetu kwenye kioo.
"Ongeeni," husema. "Ukishindwa kuongea, punguza.
Ukiweza kuimba, ongeza."
Anselmo hajawahi kuweza kuimba, hata kabla ya maradhi.
Tunaongea mpira, tunaongea bei ya unga.
Usiku hatuutaji.
Ila wiki jana Bi Iturra aliuliza, macho ukutani:
"Nanyi huwa mnalala mkiusikiliza?"
Baiskeli zote zikapunguza mwendo.

Leo Yasna amesema nijaribu ngazi.
Kidato cha kwanza. Mzee wa miaka sitini na sita, kidato cha kwanza.
Cha ishirini. Cha arobaini, paka ananipisha.
Cha sitini na mbili nimeketi.
Jiwe ni baridi. Moyo unabisha hodi, unabisha,
kama jirani aliyekuja kuomba chumvi,
na chumvi nyumbani hatuna tena.

Kibehewa kinapita, kimejaa.
Kule juu, dirishani, kijana Danilo amejiinamia,
mkono mmoja juu ya breki. Ananipungia kwa ule wa mkate.
Lipo neno ninalotaka kumrushia. Pumzi ya neno hilo sina.

Basi nataja siku, polepole, kama Yasna alivyotufunza kupima:
Ijumaa. Jumamosi. Jumapili. Jumatatu.
Jumanne.
Imetoka nzima.
Nashika ukuta.
Cha sitini na tatu.